Mshahara, raba na kadi za harusi: jinsi ya kuvipanga kwenye daftari moja

Bajeti nyingi za vijana wa mjini huvunjika mahali ambapo hakuna aliyepaandika. Kodi imeandikwa, chakula kimeandikwa, hata jimu imeandikwa. Halafu wiki ya pili inaingia kadi ya harusi, ya tatu kuna msiba, Jumamosi kikao cha kamati, na ile pesa ya mazoezi ndiyo ya kwanza kuchukuliwa, kwa kuwa mwili haudai kwa sauti. Mwongozo huu ni kwa mtu anayelipwa mshahara Dar es Salaam, anaishi peke yake au na mwenza asiye na watoto, na anataka mambo matatu kwa pamoja: asikope, mwili uwe sawa, na asitengwe na watu wake. Bei tulizotumia ni za mfano. Weka za mtaani kwako, hesabu inabaki ileile.

Kwanza, jua pesa inayofika mkononi

Usipange bajeti kwa mshahara ulioandikwa kwenye mkataba. Chukua mfano wa mshahara wa 900,000. Mchango wa NSSF wa mfanyakazi ni asilimia 10, yaani 90,000. Inabaki 810,000, na hiyo ndiyo inayokatwa kodi ya mapato. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, anayeanguka kati ya 760,000 na 1,000,000 hulipa 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Hapa kinachozidi ni 50,000, robo yake 12,500, hivyo kodi ni 80,500. Mkononi inafika 729,500.

Kama unadaiwa na Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, toa asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 135,000 nyingine. Unabaki na 594,500. Watu wawili wa ofisi moja, cheo kimoja, mmoja anamshangaa mwenzake kwa nini kila tarehe 15 amechacha. Jibu liko kwenye hati ya mshahara.

Pili, pekua mwaka uliopita kabla ya kupanga ujao

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo inayobeba kazi yote. Fungua ujumbe wa miamala ya simu na makundi ya WhatsApp ya kamati, urudi nyuma miezi 12. Andika kila mchango uliotoa: harusi, send-off, kicheni pati, ubatizo, kipaimara, msiba, mgonjwa. Usisahau sare. Kitenge cha kamati na pesa ya fundi ni mchango pia, hata kama unabaki na nguo.

Mfano wa mtu wa kawaida, asiye na ukoo mkubwa sana:

harusi 6 kwa kadi ya mtu mmoja, 50,000 kila moja: 300,000
kicheni pati na send-off 4, kila moja 30,000: 120,000
misiba 10, rambirambi 10,000 kila mmoja: 100,000
sare 2, kila moja 40,000: 80,000

Jumla 600,000. Gawa kwa 12 unapata 50,000 kwa mwezi. Kumbe hakikuwa kitu cha dharura hata kidogo. Ni bili ya kila mwezi kama umeme, ila haina mita.

Angalia na majira. Harusi za Wakristo hupungua wakati wa Kwaresma, kisha hufumuka baada ya Pasaka. Za Waislamu husimama Ramadhani na kurudi kwa kasi mfunguo mosi. Desemba kila mtu anaoa. Kwa hiyo 50,000 ya Machi isiyotumika si ziada ya kununulia viatu. Ni ya Mei, imetangulia tu.

Tatu, gawa siku ileile mshahara unapoingia

Kwa 729,500, mgawanyo unaowezekana ni huu:

kodi ya nyumba: 130,000
chakula: 190,000
nauli: 68,000
LUKU, maji, gesi, bando: 65,000
nyumbani kwa wazazi: 60,000
akiba: 60,000
jamii: 60,000
mwili: 30,000
sabuni, nywele, nguo: 40,000
ada za miamala na yasiyotarajiwa: 26,500

Kodi inatengwa kila mwezi hata kama mwenye nyumba anataka ya miezi 6 kwa mkupuo. Hasa kama anataka hivyo: 130,000 mara 6 ni 780,000, na hakuna mshahara wa mwezi mmoja hapa unaoimeza.

Wa Bodi ya Mikopo anapaswa kupunguza 135,000. Njia mojawapo: kodi ishuke hadi 110,000, chakula 165,000, wazazi 40,000, akiba 35,000, jamii 40,000, mahitaji binafsi 25,000, na ya mwisho 16,500. Fungu la mwili usiliguse. Ni dogo tayari, na ukilifuta unaokoa 30,000 tu huku ukipoteza kitu ambacho hukirudishi kwa mwezi mmoja.

Fungu la jamii lisikae pamoja na pesa ya matumizi. Laini ya pili ya simu inatosha, ilimradi usiiunganishe na huduma ya kukopa. Na tuma pesa kwa mkupuo: kumtumia mama 60,000 mara moja kwa kawaida kuna ada ndogo kuliko 15,000 mara nne, na yeye anatoa mara moja.

Kama uko kwenye kikoba, kiingize ndani ya akiba. Hisa mbili za 5,000 kwa wiki ni 40,000 kwa mwezi, na 20,000 inayobaki ni ya dharura. Ile 1,000 ya wiki ya mfuko wa jamii wa kikoba itoke kwenye fungu la jamii, kwa sababu ndiyo kazi yake. Angalizo moja: vikoba vingi huruhusu kukopa hadi mara tatu ya hisa zako. Mkopo huo ukiuchukulia mtaji, sawa. Ukiuchukulia kadi ya harusi ya watu wawili, utakuwa unalipa riba ya pilau uliyokwisha kuila.

Nne, tafuta dakika 150 ndani ya safari zako

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Wastani maana yake unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima ulipie.

Tuseme unapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, 700 kila moja. Hiyo ni 2,800 kwa siku, 67,200 kwa siku 24 za kazi. Kama kipande cha mwisho cha kurudi ni kilomita 2, kitembee. Kwa mwendo wa haraka ni dakika 25. Siku tano kwa wiki ni dakika 125, na 3,500 imebaki mfukoni. Kwa mwezi ni 14,000. Zimebaki dakika 25 tu, za Jumamosi.

Kwa nini jioni na si asubuhi? Asubuhi utafika kazini umelowa, utaanza kununua maji na manukato, na mpango utakufa wiki ya pili. Jioni unarudi nyumbani kuoga, na kwa foleni ile mara nyingi gari lenyewe halikupiti kwa mbali. Kipande chenye giza au barabara isiyo na pembeni ya kutembea kiache. Tafuta kingine, au shuka vituo viwili kabla.

Mazoezi ya nguvu yafanyike chumbani, Jumanne na Alhamisi, dakika 20. Dumu la lita 10 likijaa maji ni kilo 10 na kidogo. La lita 20 ni 20. Anza hivi: kuchuchumaa na kusimama mara 12, pushapu 8 (ukishindwa, weka mikono kwenye ukingo wa kitanda), kuinama mgongo umenyooka na kuvuta dumu la lita 10 hadi ubavuni mara 10 kila mkono, kisha kulalia viwiko mwili umenyooka sekunde 30. Pumzika dakika moja, rudia mzunguko mara tatu. Kila baada ya wiki mbili ongeza marudio mawili au maji lita mbili (hapo hamia dumu la lita 20), si vyote kwa pamoja.

Kinachoharibu hapa ni pupa. Mtu anaanza Jumatatu, anafanya siku sita mfululizo, Jumapili hawezi kushuka ngazi, na hapo safari imeishia. Maumivu ya misuli ya siku mbili ni ya kawaida. Maumivu makali ndani ya goti, au kifua kubana na pumzi kukata, si ya kuvumilia: simama, nenda kituo cha afya. Mwenye presha, kisukari au ujauzito aanze kwa kuzungumza na daktari.

Joto nalo ni gharama. Kuanzia Desemba hadi Machi, kimbia kati ya saa 11 na nusu na saa 1 asubuhi, au baada ya saa 12 jioni. Wakati wa Ramadhani, tembea dakika 30 taratibu kabla ya futari, ili maji yawe karibu ukimaliza. Ya nguvu yasubiri baada ya tarawehe.

Jimu: hesabu kwa siku, si kwa mwezi

Jimu ya 60,000 kwa mwezi, ukienda mara 12, kila siku imekugharimu 5,000. Ukienda mara 4, ni 15,000. Kama malipo ya siku moja ni 5,000, mstari uko kwenye mara 12. Lipa kwa siku miezi miwili ya kwanza. Ukivuka mara 12 miezi yote miwili, nunua ya mwezi, na utafute 30,000 ya ziada kwenye fungu utakalolitaja kwa jina, si "nitajibana". Usilipe ya mwaka hata kwa punguzo. Utahama nyumba, utabadilishiwa zamu, au jimu itafungwa.

Iwe njiani kati ya kazini na nyumbani. Jimu nzuri inayokulazimu kupanda gari la ziada ina nauli ambayo tangazo halikuitaja.

Raba za mtumba zinavyokaguliwa

Viatu ndivyo kitu kimoja kwenye mazoezi cha kutobania. Karume na Kariakoo unapata raba nzuri kwa 35,000, ukijua pa kutazama. Shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, ukunje. Kiatu kizima hukunjika pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati kama chapati, kimekufa. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba kutoka pembeni: irudi polepole kama mkate laini. Ikiwa ngumu kama ubao, ile povu ya kupokea kishindo imekwisha, hata kama juu kinang'aa. Weka kiatu kwenye kitu bapa, ukitazame kwa nyuma. Kikilalia upande mmoja, mwenyewe wa kwanza amekipinda kwa mwendo wake na sasa kitapinda goti lako. Mwisho, vuta ncha ya soli uone gundi. Nyingi huoshwa na kubandikwa upya usiku wa kuamkia soko.

Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi. Mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba.

Raba mpya hukaa takriban kilomita 500 hadi 800. Ya mtumba ihesabie nusu. Ukitembea na kukimbia kilomita 15 kwa wiki, miezi 6 ni karibu kilomita 390. Kwa hiyo 35,000 kwa miezi 6, kama 6,000 kwa mwezi. Klabu ya jogging 5,000, supu ya Jumamosi mbili 8,000, kupima presha na vidogo vingine 5,000. Jumla 24,000, na 6,000 inayobaki ni siku moja ya jimu au kamba ya kuruka.

Klabu ya jogging, pamoja na supu yake

Klabu za mtaani ndizo mahali ambapo shilingi moja inafanya kazi mbili: mwili umepata dakika zake, na umekutana na watu. Kabla ya kujiunga uliza mambo matatu: ada ya mwezi, bei ya jezi, na mabonanza mangapi kwa mwaka yenye mchango. Jezi mbili na basi la kwenda Bagamoyo vinaweza kuzidi ada ya mwaka mzima.

Halafu kuna supu. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 anaunguza takriban kalori 350. Chapati mbili za mafuta zinazirudisha zote na chenji juu, kabla hujagusa nyama. Hatusemi usile, supu ndiyo kikao chenyewe, ukiondoka mapema hujajiunga na klabu. Kula supu na ndizi ya kuchemsha au chapati moja, Jumamosi mbili kwa mwezi. Nyingine mbili kaa na wenzako kwa chai.

Wanaotamani Kilimanjaro Marathon wasiangalie ada ya kujiandikisha peke yake. Basi la kwenda na kurudi Moshi, malazi ya siku mbili na chakula ndiyo bili yenyewe. Mbio hufanyika kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi, Januari ya kodi na ada za wadogo zako ikiwa haijapoa, hivyo anza kutenga Agosti.

Chakula: fungu linalolipia mengine

Kati ya 190,000, nunua vikavu siku ya mshahara kwa takriban 45,000: mchele kilo 7, unga kilo 5, maharage kilo 3, mafuta lita 1, chumvi. Inabaki 145,000, karibu 4,800 kwa siku. Jipe 33,000 kila Jumatatu. Ikiisha Ijumaa, Jumamosi ni ugali na dagaa.

Mlo wa mama ntilie wa 3,500 kwa siku 24 ni 84,000. Beba chakula siku tatu kwa wiki. Mlo wa nyumbani ukikugharimu 1,500, unaokoa 2,000 kwa siku, 24,000 kwa mwezi. Ukijumlisha na ile 14,000 ya nauli, fungu la mwili limejilipa na kuzidi. Siku nyingine kula na wenzako. Anayejifungia na kontena lake siku zote sita atashangaa siku akiuguliwa kwa nini ofisi ilikuwa kimya.

Maharage: loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha na kitunguu na chumvi bila nazi. Ya nazi huchacha haraka kwa joto la Dar. Tia nazi kwenye kiasi unachokula wakati huo tu. Kwenye friji yanakaa siku tatu. Bila friji pika ya siku moja, nusu kilo ni nyingi mno kwa mtu mmoja.

Wauzaji wa unga wa protini wamefanya kazi nzuri ya kutisha watu. Anayefanya mazoezi ya kiasi hiki anatosheka na takriban gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito, yaani 84 kwa wa kilo 70. Yai moja lina kama gramu 6. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina 15. Dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Osha mchanga kwa maji ya vuguvugu mara mbili, ndipo ukaange.

Soda ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, vijiko vya chai tisa. Moja kila siku kwa 1,000 ni 30,000 kwa mwezi. Fungu zima la mwili, limenywewa.

Mwisho, jinsi ya kujibu kadi

Panga watu kwa madaraja kabla kadi hazijaja. Ndugu wa damu na marafiki wa dhati: kiwango kamili. Wafanyakazi wenza na majirani: 20,000 hadi 30,000, bila kadi. Uliowekwa tu kwenye kundi na mtu usiyemkumbuka: hongera na dua. Ahadi iwe ndogo, ilipwe mapema. Kamati inamheshimu wa 30,000 aliyelipa wiki ya kwanza kuliko wa 100,000 anayefukuzwa hadi siku ya ukumbi.

Ujumbe uwe mfupi, usio na visingizio:

"Kaka, hongera sana kwa hatua hii. Nitashiriki kwa 30,000, nitaituma tarehe 28. Ukumbini sitaweza kufika, ila kuhamisha vyombo na kupokea wageni Ijumaa nihesabuni."

Na Ijumaa nenda kweli. Msibani vivyo hivyo: aliyekaa na wafiwa na kusaidia kuchota maji haulizwi bahasha yake ilikuwa na ngapi.

Vikao vya kamati vina gharama yake: vinywaji, nauli ya usiku, na usingizi. Hudhuria cha kwanza, cha katikati na cha mwisho. Vingine fuatilia kwenye kundi. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi, na aliyelala kwa saa 5 tu hataamka saa 11 na nusu kukimbia, tena atanunua kinywaji cha kuchangamka mchana.

Matembezi ya wikiendi yana 10,000 kwenye fungu la jamii, ukitoa ile 4,000 ya kikoba kwa walio nacho. Haitoshi raundi za bia, na mtego uko kwenye neno raundi: ukiingia mezani na watu watano, umeahidi chupa tano. Agiza chako na ulipie chako tangu mwanzo. Afadhali zaidi, waite Coco Beach saa 11 jioni, mtembee ufukweni hadi jua lizame, kisha mihogo ya kukaanga na pilipili. Nauli ya kurudi iwe mfuko mwingine.

Kila Jumapili usiku, dakika 10, andika namba tatu kwenye daftari: pesa ya chakula iliyobaki, baki ya jamii, na dakika za mwili. Jamii ikiisha kabla ya mwezi, kadi inayofuata jibu kwa tarehe ya mwezi ujao. Dakika zikiwa chini ya 150 wiki mbili mfululizo, usiongeze pesa kwenye mazoezi. Tazama ni jioni zipi ulipanda gari kwenye kile kipande cha kilomita 2, na kulikuwa na nini siku hizo.